Rangi ya Mama Haitoki

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameingia leo saa nne asubuhi, nikiwa nafundisha darasa la sita somo la mvua. Nimeacha kufundisha. Juu ya bati letu mvua hufundisha kwa sauti kubwa kuliko mimi.

Daftari hili ni la maandalio ya somo, la mwaka juzi, na lina kurasa tupu nyingi, jambo ambalo mwalimu mkuu asilijue. Mke wangu Esperansia anasema mwanamume akifika miaka hamsini na mitatu huanza ama kutafuta mke wa pili ama kuandika kumbukumbu. Ameshukuru nimechagua daftari.

Jioni amekuja Gidioni. Nilimfundisha kusoma, siku hizi ni mshambuliaji wa Tumaini, timu ya kitongoji chetu hapa Mugoma, ambayo mimi ni katibu wake na mfua jezi. Ameleta daluga za mtumba alizozipata mnadani Ngara. Nzuri, imara, ila ni za waridi. Waridi ya keki ya komunyo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hizi umenunua au umemvua mtu?"

"Ndizo pekee zilizokuwa za saizi yangu. Kwenye timu Derick ameshaanza kuniita Bi Harusi. Mwalimu, wewe si ulifundisha stadi za kazi? Zigeuze ziwe nyeusi."

Stadi za kazi nilifundisha mwaka mmoja, na kilichobaki ni kovu kwenye kidole gumba. Nikamwambia aziache tu kwangu.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimezipaka rangi ya mafuta iliyobaki tulipopaka dirisha. Kwa mvua hii haikukauka siku mbili, na ilipokauka, Gidioni alikunja mguu mara moja ikapasuka kama shamba la Agosti. Mama alikuwa akisuka kikapu kibarazani. Hakuinua macho.

"Modesti, unapaka kama unayepaka mlango. Mlango haukunjwi. Kiatu kinakunjwa."

"Basi wewe ungefanyaje?"

"Mimi ningeanza kwa kuuliza."

Jumamosi, 8 Machi

Niandike vizuri, maana leo nimejifunza kitu.

Mama yangu, Nimpaye, ana miaka sabini na minne, na amesuka vikapu tangu kabla hajavuka mpaka kutoka Burundi na mimi mgongoni, mwaka wa sabini na mbili. Ile milia myeusi ya vikapu vyake haitoki dukani. Anakata ua la mgomba, lile fundo jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, analichemsha pamoja na utomvu wake mpaka maji yawe kama chai ya siku tatu. Kisha anakwenda bondeni alfajiri, kabla ng'ombe hawajakanyaga, anachota tope jeusi la chini kabisa. Unachovya kwenye maji, unapaka tope, unaacha usiku mbili, unaosha. Utomvu na tope vikikutana, inakuwa nyeusi ya kweli. Kila mwanamke wa Ngara aliyewahi kufua shati la mtoto aliyekata ndizi anajua kwamba utomvu wa mgomba hautoki mpaka shati life.

Tulianza kwa kuondoa rangi ya dirisha na mng'ao wa kiwanda kwa dawa ya Esperansia ya kutolea rangi ya kucha. Kwa bahati daluga zenyewe ni za kitambaa kilichofumwa, kikanywa maji kama mlevi. Na kwa kuwa jua halipo, mama amezining'iniza kwa kamba zake juu ya moto jikoni, kwenye moshi.

Mchango wangu katika sanaa hii ni mstari mmoja mwembamba kisiginoni, kwa rangi ya kucha nyekundu. Umepinda kidogo. Esperansia amesema amenisamehe dawa, ila rangi anaidai.

Jumanne, 11 Machi

Gidioni amezivaa, akazikunja mara tatu, hazikupasuka. Halafu akampigia mama magoti mawili kabisa. Mama akasema, "Inuka, utazichafua."

Jumamosi, 15 Machi

Timu nzima imeleta daluga. Za kijani, za machungwa, moja ya mguu wa kulia njano na ya kushoto bluu. Zile za plastiki tulizikwaruza kwa msasa mpaka zikaota manyoya ndipo zikashika rangi. Sasa jikoni kwa mama zimening'inia daluga ishirini na mbili juu ya moshi, na yeye amekaa chini yake na kanga kichwani, anakoroga chungu.

Derick, beki wetu wa kushoto na dereva wa bodaboda, alicheka mpaka akashika mlango. Akatoa simu akapiga picha.

"Mwalimu, niandike nini hapa chini?"

Mimi ni mtu wa utani, ndiyo dhambi yangu kila Kwaresima. Nikasema, "Andika: hapa ndipo magoli yanapochemshwa."

Akaituma kwenye kundi la WhatsApp la michezo la kata. Tumecheka hadi ugali ukapoa.

Jumapili, 16 Machi

Tumeshinda tatu bila, mechi ya kombe la mbuzi. Yote ya Gidioni. Nimetembea kurudi nyumbani kana kwamba mimi ndiye niliyefunga.

Jumatano, 19 Machi

Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Leo tumecheza na Wakulima wa Keza, mabingwa wa mwaka jana wa hili kombe la mbuzi. Tumewafunga mbili bila. Goli la pili, Gidioni alipiga shuti la chini, na kipa wao Malongo, kijana mrefu mwenye mikono kama makasia, akalirukia akaangukia mkono. Nilisikia mlio nikiwa upande wa pili wa uwanja. Wamempakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili, mkono umegeukia kusikotakiwa.

Akina Derick walikuwa wakishangilia. Mmoja akapiga kelele, "Chungu cha bibi hicho." Watu wakacheka. Nami nikacheka, naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilicheka.

Jumatano, 26 Machi

Picha ya mama imerudi kwenye simu yangu. Imetoka kwa mwalimu mwenzangu, aliyeipata kwa shemeji yake, aliyeipata sijui wapi. Maneno yangu hayapo. Chini yake imeandikwa: Mugoma wanafundishwa na huyu.

Nimeifuta. Halafu nikagundua kwamba kufuta kwangu hakuifuti popote pengine.

Ijumaa, 28 Machi

Restuta, rafiki wa mama anayekuja kusuka naye kila Ijumaa tangu mimi sina ndevu, hakuja. Mama alimwekea kigoda. Jioni akakirudisha ndani mwenyewe.

"Mvua," nikamwambia.

"Haijanyesha tangu asubuhi," akasema.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Tope hadi kizingitini. Tumeshinda tena jana, moja bila. Sikwenda kutazama, nilisema mgongo unauma.

Jumapili, 6 Aprili

Sauti imetumwa kwenye kundi. Mwanamume, hakujitaja. Anazungumza polepole kama anayesoma matangazo ya kanisa: kwamba mkono wa Malongo haujaunga, kwamba hospitali wameshangaa, kwamba watu wajiulize yule kikongwe wa Mugoma huwa anachimba nini bondeni kabla ya mapambazuko, na anakichemshia nini.

Nimeisikiliza mara nne chooni. Kila mara nilitegemea atanitaja mimi. Katibu wa timu ni mimi, utani ni wangu, mstari mwekundu uliopinda ni wangu. Hakunitaja hata mara moja. Wanamtaja mama.

Nilitamani niandike kwenye kundi kwamba ni utani. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Kwa miaka ishirini na minane nimewaeleza watoto kwa nini jua huchomoza, na sikuweza kueleza tope. Mwishowe nilituma: "Ndugu zangu, ule ulikuwa mzaha." Mtu akajibu kwa kidole gumba. Mwingine akajibu: "Na mkono wa Malongo ni mzaha?"

Jumapili ya Matawi, 13 Aprili

Kanisani benchi letu huwa linajaa watu sita. Leo tulikaa watatu. Upande wa mama palibaki nafasi ya watu watatu wanene, na watu wamesimama nyuma na matawi yao. Mama aliimba kwa sauti yake yote.

Jumatatu, 14 Aprili

Mwenyekiti wa kitongoji, Luhende, alikuja saa tisa mchana, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuchumbia.

"Mwalimu, unanijua. Mimi siamini vitu hivi."

"Najua."

"Ila nimewasikia wanaoamini. Huna ndugu Biharamulo? Mama akapumzike huko mpaka fainali ipite?"

"Na timu ikijitoa?"

Akafikiri. "Mkijitoa watasema mmeungama."

Mama alikuwa nyuma ya pazia. Akatoka na chai, akamkaribisha kwa mikono miwili, akasema, "Mwenyekiti, nilishakimbia mara moja na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ndiye huyu, na sasa ana kitambi. Siwezi kumbeba tena."

Luhende alicheka. Aliinua kikombe, nacho kikarudi kwenye sahani kikiwa kimejaa. Mtu mwema, mnywa chai maarufu, hakuinywa chai ya mama yangu.

Pasaka, 20 Aprili

Tumerudi kutoka Misa saa tano na nusu. Jua lilikuwa limetoka, la kwanza kwa siku nyingi, na Esperansia alikuwa ametangulia akiwa na furaha ya kukaanga nyama. Akasimama njiani.

Mlangoni kwetu kulikuwa kumepangwa maua ya migomba. Yamekatwa yote shambani, hata machanga. Yamepangwa kwenye kizingiti kwa mstari, yakiwa yameelekeza ncha ndani. Nimeyahesabu kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Yalikuwa kumi na moja.

Aliyefanya hivyo alijua tutakuwa Misa. Maana yake yeye hakuwa Misa, au alitoka mapema. Nimeanza kukumbuka nani alitoka kabla ya baraka. Nimekumbuka watu wanane. Wawili nilisimamia ubatizo wa watoto wao.

Mama aliyatazama. Akaokota moja, akalipima mkononi.

"Wamekata vibaya," akasema. "Mkungu utaoza." Akayachukua yote kwenye kikapu, akayapeleka jikoni, na nyama ya Pasaka tukaila milango imefungwa, mchana kweupe.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Nilimwambia mama anisamehe. Nilimweleza kuhusu picha na maneno niliyompa Derick. Alikuwa akichambua maharage.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mlicheka sana. Watu wakicheka sana mbele ya mzee huwa wamesema kitu."

Halafu akanisimulia jambo ambalo hajawahi kunisimulia. Pale tulipofikia kwanza kutoka Burundi, kabla ya kuja Mugoma, alikuwa na jirani aitwaye Iteka. Mjane, ana paka. Mtoto wa nyumba ya tatu akaugua.

"Walikuja mchana," mama akasema. "Wamevaa nguo safi. Ni watu aliokuwa akisalimiana nao kisimani. Iteka alidhani wamekuja kumpa pole, kwa sababu mguu ulikuwa unamsumbua. Akawatolea vigoda."

"Wakamfanyaje?"

"Nilikuwa nimekubeba. Niligeuka ili usione." Akatupa harage bovu. "Na mimi sikutazama. Alikuwa na paka tu, mwana wanje, mwanangu. Mimi nina chungu."

Jumamosi, 26 Aprili

Nimekwenda Keza. Derick alinipeleka bila kutaja nauli, na njia nzima hakutania, ndipo nikajua naye anaogopa, tena si kidogo. Bodaboda ilizama mara tatu tukaisukuma.

Malongo alikuwa nje, mkono kwenye hogo la plasta, anatafuna muwa kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, mwalimu. Nilianguka juu ya jiwe. Nimewaambia."

"Wanasemaje?"

"Wananiuliza jiwe lilitoka wapi."

Baba yake, Habimana, alinikaribisha ndani. Wajomba wawili wa Malongo walikuwa wamekaa ukutani na makoti makubwa. Hawakuitikia salamu yangu. Nilieleza yote: ua, utomvu, tope, moshi, utani wangu. Nikawaonyesha kikapu cha mama, milia ile myeusi, nikasema ni rangi ileile. Mjomba mmoja akakisukuma kwa ncha ya gumboot kama unavyosukuma nyoka kuona kama amekufa.

Habimana alinisindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho.

"Mwalimu, mimi ni Mkristo. Lakini mke wangu anaamini, na kaka zake hawa wanaamini, na mkono uliovunjika ni wa mtoto wangu. Timu yenu imeingia fainali, na yetu itaingia. Mkitushinda tena na viatu vile, hawa watakuja kwenu, na mimi sitakuwa na neno la kuwazuia."

Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 29 Aprili

Wakulima wameingia fainali. Ni Jumamosi ya tarehe 17 Mei, uwanja wetu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, nami nimefanya kazi. Hakuna mchezaji mwenye daluga za pili, na fainali refa haruhusu kucheza pekupeku. Basi nimezikusanya zote ili niitoe rangi.

Jiki. Petroli. Soda. Maji ya moto na majivu. Dawa ya kucha, chupa nzima, na Esperansia hakusema neno, jambo lililonitisha kuliko yote. Maji yalitoka meusi, nikafurahi. Daluga zikabaki nyeusi vilevile.

Mama alinitazama kutoka kibarazani.

"Ungeuliza," akasema. Halafu kwa sauti ndogo: "Nilitengeneza vizuri mno."

Jumamosi, 10 Mei

Nimezipaka nyeupe. Rangi ya maji ya ukutani, iliyobaki darasa la pili, nimechanganya na gundi ya mbao. Tabaka tatu nyembamba. Mvua imepumzika siku nne, zimekauka kweli. Ukizitazama kwa mbali ni kama timu ya malaika. Derick ametuma picha kwenye kundi. Maneno ameandika yeye: Daluga mpya. Mimi sikutia hata nukta.

Jumanne, 13 Mei

Restuta nimekutana naye njiani. Alivuka upande wa pili. Kisha akasimama, akarudi hatua mbili, akanong'ona, "Mwalimu, siku hiyo msiwe nyumbani." Akaenda zake haraka bila kuaga.

Nimemwambia Esperansia. Hatujamwambia mama.

Ijumaa, 16 Mei

Gidioni alikuja kuchukua daluga za timu. Alizipanga kwenye gunia kimyakimya. Mama alikuwa amelala.

"Mwalimu, wewe ni katibu. Unataka tushinde?"

Nimefua jezi za timu hii miaka kumi na mmoja. Nimeziombea kwa Mtakatifu Antoni, ambaye kazi yake ni vitu vilivyopotea, nikiamini ushindi wetu utakuwa humo. Niliokota daluga iliyobaki sakafuni, nikaitia kwenye gunia.

"Basi," akasema Gidioni. Akabeba gunia akaondoka.

Jumamosi, 17 Mei

Niandike leo, kabla sijalala.

Tulikuwa tumepanga Esperansia ampeleke mama parokiani mchana. Mama akatoka chumbani amevaa kitenge cha Krismasi, kigoda kwapani.

"Nakwenda mpirani."

"Mama, leo hapana."

"Nikikaa nyumbani watasema ninachemsha. Nikienda kanisani watasema najificha. Nitakaa pale wote waione mikono yangu."

Akakaa kweli kando ya mstari, katikati ya watu, mikono juu ya magoti, viganja juu. Watu walikuwa wengi, hata kutoka Ngara mjini. Wajomba wa Malongo walisimama upande wa pili na makoti yao, na jua lilikuwa linawaka. Sikuelewa makoti ya nini. Nilielewa, ila sikutaka kuelewa.

Kipindi cha kwanza kiliisha bao moja kwa moja. Goli letu alifunga Derick kwa goti, bila kukusudia. Daluga nyeupe zinang'aa. Nikaanza kupumua.

Kipindi cha pili, dakika kama ya kumi na tano, wingu likatoka upande wa Burundi, mvua ikaanguka yote kwa pamoja. Watu wakafungua miavuli. Mimi nilitazama miguu.

Ilianza kwa Gidioni. Maziwa yalitiririka kutoka kidoleni, yakaacha njia nyeupe kwenye majani kila alipokanyaga, na chini yake nyeusi ikatokea, nyeusi iliyonywa, inayong'aa. Kisha beki. Kisha wote. Ndani ya dakika tano uwanja ulikuwa na wachezaji kumi na mmoja wa Tumaini wenye miguu myeusi. Kelele za watu zikashuka kama redio iliyoishiwa betri. Nikasikia mvua peke yake.

Watu walianza kusogea kutoka kwa mama. Hakuna aliyesukuma, walisogea tu, hatua moja, hatua nyingine, mpaka kigoda chake kikabaki katikati ya duara tupu, na mvua inampiga. Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Esperansia akaja upande wa kulia. Nilitazama ng'ambo. Wajomba walikuwa wameanza kutembea, wanazunguka uwanja, bila haraka, wakipita nyuma ya goli. Wengine wanne walikuwa wanawafuata.

Mama akasema, bila kugeuka, "Wamevaa vizuri?"

Nikamshika bega.

Dakika ya themanini na nane refa akapuliza. Beki wa Keza ameshika mpira. Penalti yetu.

Gidioni aliuchukua mpira. Hajawahi kukosa, nilimfundisha mimi, darasa la tano, kwa mpira wa makaratasi. Wajomba walisimama hatua thelathini kutoka kwetu, wakatazama goli kama watu wanaosubiri ruhusa. Niliomba. Niliomba kwa nguvu kuliko nilivyoomba Esperansia alipojifungua. Niliiombea timu yangu ifungwe.

Gidioni aliweka mpira, akarudi nyuma, akainua macho. Hakutazama goli. Alitazama upande wetu, kwenye lile duara tupu. Kisha akapiga. Mpira ulipita juu ya mwamba, juu ya watoto waliopanda ukuta, ukaenda kuangukia kwenye mihogo ya watu.

Keza walifunga dakika ya mwisho, kona, vurugu, mpira ukamgonga mtu mgongoni ukaingia. Mbili moja.

Wale wanaume sita walikimbia. Walikimbia kuja upande wetu nami nikafunga macho, wakatupita kwenda kuwabeba wachezaji wao. Mjomba mmoja alijikwaa kwenye kigoda. Akasimama, anacheka, kinywa wazi, tope usoni, akamshika mama mkono ili asianguke.

"Pole, bibi. Mwaka huu imekataa."

Mama akamwambia asante.

Jumapili, 18 Mei

Nimetukanwa kutoka nyumbani mpaka kanisani na kurudi. "Mwalimu, chungu chenu kimetoboka." "Mwambie bibi aongeze chumvi." Mwenyekiti Luhende mwenyewe ameniuliza kama mama anaweza kuchemshia na timu nyingine, wapinzani wetu ikiwezekana. Sijawahi kutukanwa vizuri hivi. Kila tusi nimelipokea kama sakramenti.

Benchini tulikuwa watano.

Mchana Gidioni alileta daluga za timu. Alikuwa amevimba macho. Kocha amemfukuza mbele ya watu, na kijiweni wanamwita Mihogo.

"Sijawahi kupaisha penalti, mwalimu."

"Najua."

Mama alimwekea ndizi na maharage, sahani ya kwanza ya mtu wa nje kuliwa nyumbani kwetu tangu Machi, akakaa kumtazama mpaka akamaliza. Kisha akaichukua daluga moja, akaikunja, akaikwaruza kwa ukucha mahali penye mshono.

"Imeshika," akasema.

Ijumaa, 23 Mei

Restuta amekuja. Amekaa. Wamesuka kwa muda wa saa tatu, kila mmoja kikapu chake. Mama bado ameketi akielekea njiani, zamani aliketi akielekea shambani.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imekatika. Rangi ya vikapu imekwisha na mama alitaka tope. Nilimwomba aende alfajiri kama zamani, au asiende. Amekataa yote mawili. Tumetoka saa sita kamili, baada ya Misa, njia ikiwa imejaa watu. Yeye mbele na jembe, mimi nyuma na ndoo mbili, nguo za kanisani, kitambi mbele. Alimsalimia kila mtu kwa jina. Waliositasita alisimama mpaka wakaitika.

Tulichimba mbele ya watoto kama kumi waliokuwa wakichunga. Nilizama mpaka magotini, wakacheka, nikawaacha wacheke.

Tuliporudi barabarani Derick alikuwa amesimamisha bodaboda. Alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kioo.

"Piga," mama akamwambia.

"Bibi, hapana."

"Piga. Huyu naye aonekane." Akanivuta nisimame karibu yake na ndoo zangu.

Derick akapiga. Kidole chake kikabaki hewani, akanitazama mimi. Nilikuwa na maneno matatu mazuri mdomoni, ya kuchekesha kweli. Nikayameza.

"Muulize mwenye picha," nikasema.

Mama akafikiri, akafuta mikono kwenye kitenge chake cha Krismasi.

"Andika: tope."